Bwana Afya Aliyehesabu Majeraha Yetu

Sikumpenda Bwana Afya. Nalisema mapema kwa sababu siku hizi kila anayemtaja hapa kijijini humtaja kwa sauti ya kanisani, halafu watu hunigeukia wakisubiri na mimi niongeze sifa zangu. Sina sifa. Nilimfahamu kwa miaka kumi na saba, na sikumbuki siku hata moja aliyoingia kwangu nikasema afadhali amekuja.

Alikozaliwa na wazazi wake walikuwa nani si habari yangu. Alifika na pikipiki ya serikali iliyokuwa ikizimika kila mlima, akapewa chumba nyuma ya zahanati, akakaa. Alikuwa mrefu, mwembamba, shingo imetangulia mbele kama ya mtu anayechungulia dirishani. Shati lake la kaki lilikuwa limefuliwa mpaka likakosa rangi. Kalamu aliifunga kwa uzi kwenye kifungo cha mfuko. Hakunywa pombe, hakuvuta sigara, na hakula kwa mtu kabla hajakiona choo chake.

Kijiji chetu kiko njiani kupanda Chome. Tunalima tangawizi, migomba na maharage, na Jumamosi, siku ya gulio, watu huja kutoka vitongoji vyote vya juu na vya chini. Mimi nina kilabu pembeni mwa uwanja wa gulio. Nauza dengelua, pombe yetu ya miwa. Kilabu hicho nilikijenga mwenyewe baada ya mume wangu kufariki, na ndicho kilichomlea mwanangu Mbonea.

Kwetu mgeni huja kwa mbele. Anapiga hodi, anakaribishwa, anaulizwa habari za kwao mpaka anatulia. Bwana Afya alipitia nyuma. Ungesikia mlango wa choo ukilia, kimya kidogo, kisha angetokea ubavuni mwa nyumba mikono ameiweka mgongoni.

"Mama Mbonea, choo chako hakina mfuniko."

Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa habari za asubuhi yake. Mama yangu mzazi, aliyekuwa hai wakati ule, alimtazama siku moja akiondoka akasema, "Huyu mtu hakulelewa, alifugwa." Mwaka ule ule Bwana Afya alinifungia kilabu kwa wiki mbili kwa sababu ya nzi. Nzi! Huku juu kwenye baridi, nzi wenyewe ukiwahesabu utamaliza.

Lakini vyoo na nzi ningemsamehe. Alichonifanyia baadaye ndicho kimenikaa moyoni.

Kuna kipindi vijana wetu walianza kukatana. Sisemi kupigana ngumi, hilo lilikuwepo tangu zamani na watu walicheka wakaenda zao. Nasema kukatana, mapanga na chupa. Vijana wa kitongoji cha juu na vijana wa kitongoji cha chini, watu waliobatizwa kwenye beseni moja na kusoma darasa moja. Ikifika Jumamosi jioni, zahanati ilikuwa kama bucha. Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mchungaji alisema ni dhambi. Mtendaji wa kijiji alisema ni kukosa viboko. Wazee walisema ni simu. Mimi nilisema ni mama zao wa kitongoji cha juu, hawajui kulea.

Bwana Afya hakusema kitu. Alinunua daftari kubwa la mistari, akawa anashinda zahanati anaandika. Kila aliyeletwa na jeraha alimuuliza maswali ambayo hata polisi hawaulizi. Uliumizwa wapi, saa ngapi, kwa kitu gani, ulikuwa umekula nini, nani alikuwepo, mara ya mwisho ulikosana na mtu lini, na nani sasa hivi amekasirika kwa ajili yako. Hilo la mwisho ndilo alilolipenda kuliko yote. Kijana ameshonwa kichwa, damu bado inamtiririka sikioni, yeye anauliza, "Nani amekasirika kwa ajili yako? Nitajie majina."

Baada ya miezi kadhaa aliitisha mkutano kupitia serikali ya kijiji. Watu walijaa, wakidhani kuna chanjo. Akasimama na daftari lake.

"Mwaka ule wa kuhara," akasema, "hatukuwachapa watu wanaohara. Hatukuwaambia wameharibika. Tulifuata maji mpaka tukakipata kisima kibovu, tukakifunga. Huu ugomvi nao unaambukiza. Aliyekatwa leo, ndugu yake atakata kesho kutwa. Nimefuata maji yake."

Mtu mmoja nyuma akauliza, "Na kisima kiko wapi?"

Bwana Afya akafungua daftari, ingawa najua hakuhitaji kulifungua. "Wengi wameumizwa Jumamosi, kati ya saa kumi na moja jioni na giza kuingia, kwa chupa zaidi kuliko panga, kwenye kichochoro kati ya kilabu cha Mama Mbonea na kijiwe cha bodaboda. Hawajala tangu asubuhi."

Watu mia wakageuka kunitazama. Mimi, mjane, muumini, ninayetoa sadaka yangu kila Jumapili, nikawa kisima cha kuhara.

Likapitishwa hapo hapo: siku ya gulio kilabu kifungwe saa kumi na moja, chupa za vioo zisionekane, kila anayeuza pombe auze na chakula, na kijiwe cha bodaboda kihamie upande wa shule. Nililazimika kuanza kupika makande kwa ajili ya walevi. Wapo wanaosema majeraha yalipungua baada ya hapo. Yalipungua. Na wateja wangu nao walipungua, na hilo hakuna aliyeliandika kwenye daftari.

Sasa mtu huyu, aliyekuwa akituhukumu sisi watu wazima kama tuko kizimbani, ungemwona kwa vijana. Asubuhi alikwenda kijiweni kwa bodaboda, akakaa juu ya gogo katikati yao, akawaamkia yeye kwanza. Mtu mwenye mvi! "Habari zenu, nani leo ameamka vibaya?" Mwanzoni walimcheka. Baadaye wakaanza kumjibu. Huyu amegombana na baba yake, huyu amekataliwa na msichana wa Bombo, huyu kuna maneno yametumwa kwenye simu. Alisikiliza yote bila kutikisa kichwa. Hakuwapa mawaidha. Aliuliza tu, "Na leo unapita wapi? Usipite kule basi, pita huku." Wakati mwingine alitoka kijiweni akaenda moja kwa moja kwenye nyumba ya mtu, akakaa na baba wa kijana mpaka baba akachoka kumwona.

Alikuwa mkali hasa kwa wanaopiga watoto. Alimwona jirani yangu anamchapa mwanawe kwa fimbo ya mpera, akaingia uani akaishika fimbo. "Unampa chanjo ya nini hii?" akamwuliza. "Unamfundisha kwamba mwenye hasira ndiye mwenye haki. Atalitumia hilo somo, na hutakuwepo." Jirani yangu alitaka kumrukia, tukamzuia.

Mimi nilikuja kulijua la kwake kupitia mfanyabiashara wa tangawizi aliyekuwa akitoka Bendera, kule chini tambarare. Huyo aliniambia, "Huyu mzee wenu ana kijana Bendera, analima mpunga. Hasemi na baba yake. Akisikia jina lake hutema mate." Nililiweka neno hilo kama akiba. Na siku moja, alipokuwa ananisema mbele ya wateja kwamba makande yangu hayakuiva, nililitoa.

"Nenda Bendera kamfundishe mwanao kwanza," nikamwambia. "Au daftari lako haliandiki ya nyumbani?"

Nikasema leo nimempata.

"Ndiyo," akasema. "Nilimpiga kwa waya wa umeme, miaka mingi, kwa sababu nilitaka awe mtu. Akanipiga na yeye siku alipopata nguvu, akaondoka. Ndiyo maana najua ninachokisema." Akachota makande kwa kijiko, akatafuna. "Maharage bado ni magumu."

Akatoka. Mtu wa namna hiyo utamshika wapi? Hata aibu yake alikuwa ameshaiandika.

Sasa nifike kwa Mbonea.

Mbonea wakati ule alikuwa na miaka ishirini na miwili, anaendesha bodaboda. Mikono yake ilikuwa mizuri. Nasema kama mama lakini si mimi peke yangu niliyesema. Angeweza kufungua injini ya pikipiki na kuifunga huku anazungumza na wewe. Kule kitongoji cha juu kulikuwa na kijana mwingine wa bodaboda, jina lake Elieza, mtoto pekee wa mama mmoja mshonaji. Waligombania abiria. Jumamosi moja mchana, ndani ya kilabu changu, maneno yakapanda, na Mbonea akamzaba Elieza kofi mbele ya watu. Elieza alikuwa ameshika sahani ya makande. Sahani ikaruka, makande yakamwagika kifuani kwake. Watu wakacheka.

Na mimi nilicheka. Sitaficha. Nilicheka sana, nikasema kwa sauti, "Mpelekeeni mama yake amfulie."

Elieza hakurudisha kofi. Alifuta kifua, akatoka taratibu.

Jumanne Bwana Afya akaja. Safari hiyo alipita mbele, na hakuuliza choo.

"Nimetoka kwa kina Elieza," akasema. "Hajalala tangu Jumamosi. Nimekaa naye mara mbili, bado. Nataka Mbonea asishuke gulioni wiki hii. Wiki moja tu. Mpeleke kwa mjomba wake Bombo, akamsaidie shamba."

"Mwanangu akimbie?" nikamwuliza. "Amkimbie mtoto wa fundi cherehani?"

"Simwambii akimbie. Nakuambia wewe umtume kazi."

"Basi mwambie huyo wa kwako asishuke."

"Nimemwambia. Hanisikii bado. Mbonea atakusikia wewe."

Nilisonya. Nikamwambia aende akahesabu nzi. Akafunga daftari lake, akaondoka. Hakumwambia Mbonea mwenyewe? Alimwambia, nilikuja kujua. Mbonea alimjibu, "Mama amekataa."

Jumamosi, saa tano asubuhi, jua kali, gulio limejaa, Elieza alitokea nyuma ya magunia ya tangawizi akiwa na panga. Mbonea aliinua mkono kujikinga. Panga lilipita kwenye kiganja cha kulia, likakata mishipa ya vidole vitatu, likaishia kwenye kifundo cha mkono.

Nilimshika mwanangu kwenye gari mpaka Same huku khanga yangu yote imekuwa nzito kwa damu. Daktari alimshona vizuri, akaniambia uhai upo lakini vile vidole havitarudi. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wodi, sijui hata nilikuwa na viatu au sina, Bwana Afya akatokea. Alikuwa ameshuka kwa pikipiki yake ile, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope.

Hakusema pole. Aliinama akaniuliza, "Nani amekasirika kwa ajili yake? Nitajie majina."

Nilimtemea mate. Yalimpata kwenye shati. Hakujifuta. Akauliza tena, polepole, kama anavyouliza mtu mwenye saa mkononi. Nikamwambia aende kuzimu. Akageuka, akaondoka.

Miaka baadaye nilimwuliza kwa nini hakunipa pole siku ile. Alijibu bila kuona haya, "Nilikuwa na siku moja, labda mbili. Pole ingechukua nusu saa." Huyo ndiye mtu mnayemsifu.

Nilirudi nyumbani Jumatatu, nikamwacha shangazi yake Mbonea wodini. Marafiki wa Mbonea walikuwa wananisubiri, saba. Niliwajua wote, niliwaona wakiota meno. Hawakuhitaji kunieleza. Walikuwa na gunia, na ndani ya gunia kuna mapanga, wameyanoa. Elieza alikuwa amejificha, lakini alikuwa na binamu, na binamu wale wangepita njia ya juu jioni ile wakitoka kwenye mazishi.

Hapa ndipo watu hutarajia niseme niliwazuia. Niliwapikia. Nilichinja kuku wawili. Niliwaweka chumba cha nyuma cha kilabu, nikafunga dirisha, nikawawekea wali. Nilitaka mama wa kitongoji cha juu, yeyote yule, ashike khanga yenye damu kama niliyoshika mimi.

Saa tisa Bwana Afya akaingia. Hakupiga hodi. Alipita jikoni, akafungua mlango wa chumba cha nyuma, akatazama, akaliona gunia. Akaenda akakaa juu yake.

"Mnakula kuku," akasema. "Mimi nina ndizi zangu." Akatoa kikopo chake cha plastiki, akaanza kula ndizi za kuchemsha, moja moja, kwa uvivu.

Kijana mmoja akasema, "Mzee, ondoka hapo."

"Nimechoka. Nimetembea tangu alfajiri."

"Mzee, tutakutoa."

"Mtanitoa, mko saba. Ila mimi ni mzito kuliko ninavyoonekana."

Wakatazamana. Kumpiga mzee wa watu, mfanyakazi wa serikali, aliyekaa nao kijiweni kila asubuhi, hapakuwa na wa kuanza. Yeye akaendelea kutafuna. Akawauliza bei ya tangawizi. Akamwuliza mmoja kama mguu wa ng'ombe wao umepona. Nilimfuata nikamwambia hii ni nyumba yangu, toka. Akaniambia, "Nimalizie ndizi."

Ndipo nikasikia sauti nje. Mwanamke anaita jina la kijana mmojawapo. "Njoo nyumbani." Hakusema zaidi. Yule kijana akajifanya hajasikia. Sauti ikaita tena, na tena, bila hasira, kama inavyoitwa mtu wakati chakula kiko tayari. Akasimama, akatoka bila kututazama. Baada ya muda kidogo sauti nyingine, jina jingine. Kisha nyingine. Hapo ndipo nilipoelewa alikuwa wapi tangu alfajiri. Alikuwa amepita kwa mama zao wote saba, na sijui aliyapata wapi majina, kwa maana mimi sikumpa hata moja.

Wa saba alikaa mpaka jua likaegemea mlima. Mama yake alikuwa mgonjwa wa miguu. Aliletwa kwa mkokoteni. Huyo alipotoka alikuwa analia.

Bwana Afya akainuka, akalibeba gunia begani, akapita mbele yangu. Mimi nilikuwa nimesimama na sufuria la kuku. Niliona kama nimevuliwa nguo.

"Na mimi nani ataniita?" nikamwuliza. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Alihamishia gunia bega la pili. "Rudi Same ukakae na mwanao," akasema.

Siku ya pili yake alimpata Elieza, na wala hakumficha. Alimpeleka mwenyewe kituo cha polisi, akakaa naye kwenye benchi mpaka alipoandikisha maelezo. Elieza alifungwa miaka mitano. Ningeridhika hapo. Lakini nikasikia kwamba Bwana Afya kila alipokwenda mjini alipita gerezani na sabuni na mswaki, anamsalimia aliyemkata mwanangu. Nilimvizia njiani nikamwuliza kama hana haya.

"Atarudi," akasema. "Atarudi hapa hapa, kwenye njia hii hii. Unataka arudi akiwa nani?"

"Nataka asirudi."

"Hilo sina."

Alistaafu kabla Elieza hajatoka. Kijiji kilimfanyia sherehe, akapewa mbuzi na saa ya ukutani. Sikwenda. Alihamia pembeni mwa mji wa Same, na mimi nikashukuru kwamba ule mlango wa choo changu hautalia tena.

Mwaka huu, baada ya mvua za masika, nikasikia gulioni: Elieza ametoka. Mama yake yu mgonjwa, anarudi Jumamosi. Alhamisi alfajiri nilipanda gari la kushuka Same, na saa nne nilikuwa nimesimama uani kwa mtu niliyekuwa nimeapa sitakanyaga kwake.

Nilimkuta anabandua mchwa kwenye mlango wa banda la kuku. Alikuwa amezeeka kwa kishindo. Goti moja lilikuwa limevimba, na mkono wenye kisu ulikuwa unatetemeka.

"Mwambie asirudi," nikamwambia. "Wewe ndiye rafiki yake. Damu itamwagika."

"Nani ataimwaga?"

"Mbonea."

"Mbonea amesema?"

Nikageuka kutazama kuku wake.

"Nakuuliza, Mama Mbonea. Amesema?"

"Mimi ni mama yake. Najua kilicho moyoni mwake."

Alinitazama na ile shingo yake. Kisha akaweka kisu juu ya banda, akaingia ndani, akatoka amevaa viatu. "Twende," akasema. Nilimwambia sikumwomba aje, nilimwomba atume neno. Alikuwa tayari amefunga mlango. Basi nikapanda mlima nimekaa bega kwa bega na Bwana Afya, masaa yale yote, hatusemi, yeye anashika goti kila gari likiruka.

Tulimkuta Mbonea anaanika tangawizi juu ya turubai. Pikipiki hawezi tena. Ananunua na kuuza. Alimwamkia mzee, akamletea kigoda.

"Elieza anakuja Jumamosi," Bwana Afya akasema.

"Najua, mzee. Alinipigia."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Nani alikupigia?"

"Elieza, mama. Tangu alipotoka tumeongea mara tatu."

"Na hukuniambia?"

Mbonea aligeuza vipande vya tangawizi kwa mkono wa kushoto. Hakuinua sauti. Mwanangu hajawahi kuniinulia sauti. "Ningekuambia vipi? Kila mgeni akiingia humu unaniambia nyoosha mkono waone. Kila Jumamosi unanionyesha aliposimama. Mimi nimechoka, mama. Nilichoka zamani. Nilimpiga kofi, akanikata, amefungwa, basi. Wewe ndiye hujachoka."

Nilimgeukia Bwana Afya kwa sababu yeye ndiye niliyekuwa na haki ya kumchukia. "Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua tangu kule Same. Ungekuwa na wasiwasi na Mbonea usingemwacha peke yake nyumbani." Alikuwa anasugua goti. "Nimekuja kwa ajili yako."

Nilimfukuza. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Alikwenda akalala zahanati.

Jumamosi asubuhi nilipofungua mlango wa mbele alikuwa ameshakaa barazani kwangu, mgongo ukutani, macho njiani. Sikumsemesha. Sikumpa chai. Nilileta miwa yangu nikaanza kuimenya pale pale barazani, kwa panga, kama ninavyofanya kila siku ya gulio. Yeye aliliona panga. Hakuniomba niliweke chini, na hakusogea. Angeweza kusogea, alikuwa karibu nami kiasi kwamba vipande vya maganda vilimrukia suruali.

Elieza alitokea saa nne. Alikuwa amekonda, amenyoa kichwa, amebeba mfuko mmoja. Gulio lote lilinyamaza kwa mpigo. Wapo waliosogea nyuma, wapo waliosogea mbele. Ili afike kwao ilimlazimu apite mbele ya baraza yangu, na alipofika mbele ya baraza yangu alisimama.

Nilikuwa nimeshika panga. Mkono wangu ulikuwa mzima, vidole vyote vitano, nilivihisi kimoja kimoja. Nilisubiri Bwana Afya anishike. Nilitaka anishike, ili nipate mtu wa kumkata jicho, mtu wa kumpigia kelele. Hakunishika. Hakunitazama hata. Aliniachia.

"Shikamoo, mama," Elieza akasema. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu mzima.

Sijui nilikaa muda gani. Mbonea baadaye alisema si muda mrefu.

"Marahaba," nikasema.

Lilitoka kwa hasira, lilitoka kama kitu ninachokitema, lakini lilitoka na watu walilisikia. Elieza akainamisha kichwa, akapita. Gulio likaanza kunong'ona, kisha likaanza kuuza.

Bwana Afya akajishika ukutani, akainuka kwa shida. Nilimwona anatafuta kitu cha kuniambia. Nikamwahi.

"Sasa toka kwangu," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kukubali, akatoka, akaifuata barabara ya magari akichechemea. Hakuaga. Kwetu mgeni husindikizwa, hata mgeni mbaya, angalau mpaka kwenye kona. Mimi nilibaki pale pale nimekaa, nikamtazama mpaka akapotea, halafu nikarudia kumenya miwa yangu.